Habari za Mgeni Rasmi: Uhakiki wa Taarifa za Sanaa katika Mji wa Unguja

Wapo ndugu wanaodhani kwamba uhakiki unahusu vitabu peke yake, na kwamba riwaya na tamthilia zikishachambuliwa fani na maudhui yake, kazi imekwisha. Makala haya yana lengo la kuhakiki kitu ambacho wengi wetu hatukihesabu kuwa kazi ya uandishi: taarifa fupi inayotoka gazetini, redioni au katika televisheni siku ya pili baada ya ngoma, taarab, maulidi au tamasha kufanyika mjini Unguja. Taarifa hiyo ina fani yake. Ina maudhui yake pia. Na kwa kuwa husomwa na kusikilizwa na watu wengi kuliko riwaya yoyote, ina nguvu ya kujenga au kupotosha fikra za umma juu ya suala la msingi, yaani nani mwenye sanaa, na sanaa hiyo inafanya kazi gani katika jamii.

Tuanze na fani. Msomaji wa kawaida anaweza kuiandika taarifa hiyo mwenyewe bila ya kutoka nyumbani. Mstari wa kwanza unaanza na cheo: mkuu wa wilaya, mkurugenzi, au mwakilishi wa wizara. Baada ya cheo linakuja jina, na baada ya jina kitenzi, ambacho aghalabu ni kimoja kati ya vitatu: amewataka, amewahimiza, amewapongeza. Wanaotakwa, kuhimizwa na kupongezwa ni wasanii. Wanatakiwa kudumisha mila, silka na utamaduni. Kisha linakuja neno "aidha", ambalo kazi yake ni kufungua aya ya pili, na hapo mgeni rasmi anazungumzia utalii. Mwisho kabisa, katika mstari ambao mhariri huukata pale nafasi inapokuwa ndogo, tunaambiwa kwamba hafla hiyo ilipambwa na burudani mbalimbali.

Burudani mbalimbali! Ndani ya maneno mawili hayo wamefukiwa mpiga fidla aliyeanza kujifunza tangu utotoni, mwanamke aliyetunga maneno ya wimbo akiwa jikoni, waimbaji wa kuitikia, wapiga dumbaki, na watu mia tatu waliokuja si kwa ajili ya hotuba bali kwa ajili ya wimbo. Taarifa haisemi wimbo gani uliimbwa. Haisemi nani aliutunga, unamsema nani, wala kwa nini ulipofika ubeti wa tatu ukumbi mzima ulisimama. Kwa lugha ya uhakiki, taarifa imeandika fremu ikaacha picha.

Si haki kumtupia lawama zote mwandishi wa habari. Kila fani ina msingi wake katika hali halisi ya maisha ya wanaoitenda, na tukiitazama hali hiyo tutaona kwamba taarifa ya mgeni rasmi haikuzuka bure. Mwandishi huyu mara nyingi hulipwa kwa habari iliyotoka, na malipo yenyewe ni madogo. Hana usafiri. Anakwenda kwenye hafla kwa gari la waandaaji, au kwa nauli atakayopewa na waandaaji, na anayepanda gari la mtu hawezi kuchagua saa ya kuondoka. Hotuba ndiyo inayokuja mwanzo, tena imekwisha kuchapwa na nakala yake inagawiwa mlangoni. Taarab, kwa upande wake, ni jambo la usiku. Huanza baada ya sala ya isha, huchemka karibu na saa sita, na habari inatakiwa mezani kwa mhariri kabla ya hapo. Hivyo mwandishi anaondoka na kile alichonacho, yaani hotuba. Kuna jambo jingine pia, ambalo waandishi wenyewe hulisema kwa sauti ya chini: hotuba ya kiongozi haimletei mtu matatizo kesho yake, lakini maneno ya wimbo yanaweza kumletea.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kukaa katika hafla moja ya mtaa ambapo, dakika chache baada ya mgeni rasmi kushuka jukwaani, kamera zote zilifungwa na viti vya mbele vikabaki vitupu. Akina mama waliokuwa wamesimama nyuma tangu magharibi wakaja mbele wakakaa. Hapo ndipo ngoma ilipoanza hasa. Hakuna hata neno moja la ngoma hiyo lililotoka popote.

Ili tuelewe ukubwa wa hasara hii, yatupasa kurudi nyuma katika historia ya mji wenyewe. Taarab ilianza Unguja kama kitu cha jumba. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kupiga kanuni, na nyimbo zilizoimbwa barazani kwake zilikuwa za Kiarabu. Mwaka 1905 kilianzishwa chama cha Nadi Ikhwan Safaa, ambacho kilikuwa chama cha waungwana wa mjini. Wakati huo mtu wa Ng'ambo, yaani wa upande wa pili wa kijito kilichoutenga mji wa mawe na vibanda vya udongo, alikuwa na ngoma zake, na ngoma hizo hazikuitwa sanaa na wenye mji.

Aliyelibadilisha jambo hili alikuwa mwanamke wa shamba, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyekuwa akibeba vyungu vya mama yake kuja kuviuza mjini kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911. Mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wenzake kurekodi santuri, na ndipo Kiswahili cha Ng'ambo kilipoingia katika gramafoni na kusikika pwani nzima. Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Mambo haya yanajulikana na yamerudiwa mara nyingi, wakati mwingine kwa namna ya kumfanya Siti kuwa sanamu ya kupigwa picha. Lisilozungumzwa vya kutosha ni kazi aliyoifanya kwa nyimbo hizo. Siti na kundi lake walikuwa gazeti la Ng'ambo.

Chukua wimbo unaojulikana kwa jina la Kijiti. Wimbo huu haukutungwa juu ya mahaba. Unasimulia jambo lililotokea kweli: mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, muuaji aliyevuka bahari akatorokea bara, na mahakama ya kikoloni ambayo, kwa kumkosa muuaji, iliwabana wanawake waliokuwa wamefuatana na marehemu. Katika wimbo mmoja mna mambo ambayo taarifa nzuri ya habari inatakiwa iwe nayo, yaani nani, wapi, nini kilitokea na baada ya hapo ikawaje. Pia mna kitu ambacho magazeti ya serikali ya wakati ule yasingethubutu kukisema, nacho ni hukumu ya umma juu ya hukumu ya jaji. Nyimbo nyingine za kundi hilo ziliwasema makarani wenye kula fedha za watu. Tukumbuke kwamba mwaka huo huo wa 1928 wakazi wa Ng'ambo walikuwa wakigoma kulipa kodi ya viwanja vya nyumba zao. Hatudai kwamba wimbo ndio ulioleta mgomo. Tunachosema ni kwamba watu waliogoma na watu walioimba walikaa mitaa mimoja, wakasikiliza sauti moja usiku, na wasiojua kusoma hawakuwa nyuma ya wanaojua katika kupata habari za mji wao.

Hapo tunaona uhusiano wa sanaa na habari ukiwa mzima. Msanii ndiye mwandishi, hadhira ndiyo inayosahihisha, na wimbo usiosema kweli unakufa usiku ule ule ulipozaliwa. Ndiyo maana wanawake waandishi wa habari wa Tanzania, walipoanzisha jarida lao mwishoni mwa miaka ya 1980, waliliita Sauti ya Siti. Walijua ni mwenzao.

Uhusiano huo ulivunjikaje? Jibu la haraka ni kusema kwamba utalii umeharibu kila kitu. Jibu hilo ni jepesi mno, na kada anayelitoa anajiondoa yeye mwenyewe katika lawama. Baada ya Mapinduzi ya 1964 vikundi vya taarab viliwekwa chini ya matawi na idara. Nadi Ikhwan Safaa kikajulikana kwa miaka mingi kwa jina la Malindi. Kikundi kilichokuwa kimeanza mwaka 1958 kwa jina la Shime Kuokoana kikaja kuwa kikundi cha utamaduni cha serikali, ambacho leo dunia inakijua kwa jina la Culture Musical Club. Mpango huu ulikuwa na faida ambazo wengine huzisahau. Mtoto wa Ng'ambo aliyekuwa hana uwezo wa kununua udi alikabidhiwa udi. Mpiga fidla alipata mshahara. Taarab ikatoka barazani kwa waungwana ikaingia katika ukumbi wa watu wote, na redio iliyoanza mwaka 1951 ikaipeleka mpaka mashamba.

Lakini ndani ya faida hizo ulikuwemo mgongano. Kikundi kinachokula kwa idara huimba katika sherehe za idara. Wimbo wa kusifu ukawa ndio wimbo wa kupanda jukwaani mwanzo, mgeni rasmi akawa ndiye msikilizaji wa kwanza, na mwandishi wa habari akajifunza kwamba tukio la sanaa maana yake ni tukio lenye mgeni rasmi. Fani ya taarifa tuliyoieleza hapo juu ilizaliwa wakati huo, kabla mtalii hajafika kwa wingi. Sisi wenyewe ndio tuliomzoesha mwandishi kutazama viti vya mbele.

Watalii walipokuja, walikuta viti hivyo vimepangwa tayari. Tamasha la filamu la nchi za jahazi lilianza mwaka 1998, Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Sauti za Busara ikaanza mwaka 2004 ndani ya Ngome Kongwe. Matamasha haya yasihukumiwe kwa chuki. Yamewalipa wapigaji, yamewakutanisha vijana wa Unguja na wapigaji wa Afrika nzima, na maandamano ya ufunguzi wa Busara, ambayo kwa miaka mingi yalitoka upande wa Michenzani na kuingia Forodhani yakitanguliwa na beni, yamefanya jambo ambalo taarifa zetu hazijafanya: yameivusha ngoma ya Ng'ambo mpaka mji wa mawe mchana kweupe. Udhaifu wake ni wa msingi wa kiuchumi. Tamasha linalotegemea wafadhili wa nje linaweza kukatika, na mwaka 2016 Busara haikufanyika kwa sababu fedha hazikutosha. Mwaka ule taarab ya harusi haikusimama hata juma moja, kwa kuwa mfadhili wake ni mama wa bibi harusi na majirani zake.

Athari ya matamasha katika habari ilikuwa ya aina yake. Ikazaliwa taarifa ya pili, ndugu wa ile ya kwanza. Ya kwanza huandikwa kwa ajili ya mgeni rasmi, na ya pili kwa ajili ya mgeni mtalii. Hii ya pili ina msamiati wake pia: mandhari ya kuvutia, vionjo vya pwani, harufu ya karafuu. Inaeleza kanuni ina nyuzi ngapi, lakini haielezi wimbo umesema nini, kwa sababu anayekusudiwa hajui Kiswahili. Msomaji ataona kwamba taarifa zote mbili zinamhudumia mgeni. Mwenyeji hana taarifa yake.

Mfano ulio wazi ni namna Bi Kidude alivyoandikwa. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, na alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 habari zake zilienea ulimwenguni. Habari nyingi zilishughulika na umri wake, ambao hakuna aliyeujua kwa hakika, na sigara zake. Huyu alikuwa mwalimu wa unyago, mpigaji wa ngoma aliyewafunda wasichana wa mji huu kwa miaka mingi. Ni kweli kwamba mengi ya unyago hayaandikiki, na mwandishi mwenye adabu hataingia mahali ambapo hakualikwa. Lakini ilikuwapo nafasi ya kuuliza namna alivyoitafsiri upya sauti ya Siti, neno gani alilibadilisha, mapigo gani aliyaongeza. Maswali hayo hayakuwa siri ya mtu.

Sasa tutazame taarifa ingelikuwaje. Tuchukue kidumbaki, kwa kuwa ni ngoma ya maskini na haina mgeni rasmi. Harusi imepangwa mtaani Ng'ambo. Kuna fidla moja, vidumbaki viwili vidogo, cherewa, mkwasa, na sanduku: sanduku la chai lililotiwa fimbo na kamba, ndilo linalotoa sauti nzito ya chini. Vyombo hivi peke yake ni somo la uchumi wa mji wa bandari. Sanduku lililokuja limebeba bidhaa za watu wengine likageuzwa besi. Mwimbaji hachukui wimbo mmoja akaumaliza. Anaunganisha vipande vya nyimbo zinazovuma za taarab kubwa, anaongeza mwendo, na katikati ya vipande anatia maneno yake juu ya watu waliopo na mambo ya juma hilo. Wanawake wanacheza katika duara. Hapo mwandishi makini angeuliza: wimbo upi wa ukumbini umeteremka mtaani mwaka huu, na umebadilishwa vipi? Maana mtaa hauchukui kila kitu. Kile kinachochukuliwa na kile kinachoachwa ndicho kipimo cha kweli cha kazi ya mtunzi, kuliko kombe au cheti chochote.

Kisha kuna kutunza. Katika taarab mwanamke anainuka na noti mkononi, anakwenda mbele akicheza taratibu, anampa mwimbaji. Waandishi wetu wakiliona hili huandika kwamba mashabiki walimwaga fedha. Hawakuona kitu. Noti ile ni kauli. Inatolewa katika mstari fulani na si mwingine, mbele ya mtu fulani, na aliyekusudiwa anajua, na jirani zake wanajua. Mtu asiyeweza kusimama katika mkutano akasema kwamba amedhulumiwa na mumewe, na mwenye nyumba au na shoga yake, anasema kwa noti ya shilingi elfu moja na ubeti wa mwenziwe. Vilabu vya wanawake vya zamani, Nurulayun na Sahib el-Ari, vilishindana kwa njia hii mpaka mji ukagawanyika, na aliyetaka kujua habari za Unguja ilimlazimu kujua nani yuko upande gani.

Hapa patatokea pingamizi, nalo ni zito. Itasemwa kwamba haya ni umbeya, ni mipasho, na kwamba jarida la nadharia halina sababu ya kuwashughulisha makada na ugomvi wa wake wenza. Tunakubali nusu ya hoja hii. Taarab ya vinanda vya umeme iliyoenea tangu miaka ya 1990 imezalisha nyimbo nyingi ambazo hazina shabaha nyingine ila kumkera mtu, na kurasa za burudani zimezipokea kwa furaha: mwimbaji fulani ameliacha kundi fulani, fulani hasalimiani na fulani. Lakini tuone vizuri kosa liko wapi. Kurasa hizo zimechukua ugomvi wa waimbaji zikauacha wimbo. Wimbo wa mipasho ukisomwa kama kazi ya sanaa unazungumzia chakula cha nyumbani, kodi ya nyumba, mume anayehamisha mshahara, na heshima ya mwanamke asiye na mali. Hizo ni habari za tabaka la chini la mji. Mhakiki anaweza kusema kwamba wimbo fulani umeishia kumlaumu mwanamke mwenzake badala ya kuitazama hali inayowagombanisha wote wawili, na hiyo itakuwa hukumu ya haki. Asiyeusikiliza hana haki ya kuuhukumu.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, ilianguka na kuua mafundi. Habari hiyo iliandikwa vizuri. Tuliambiwa upande gani umeanguka, tangu lini nyufa zilionekana, nani alikuwa na dhamana. Mwandishi anaweza kuyafanya yote hayo anapotakiwa. Anapokufa mzee wa mwisho anayejua mapigo ya ngoma fulani ya mtaa, hakuna vumbi linalopanda angani, na taarifa, kama ipo, itasema kwamba marehemu alikuwa msanii mkongwe na kwamba viongozi wametoa rambirambi.

Kuna dalili njema. Bi Mariam Hamdani, mwandishi wa habari aliyepiga kanuni, alianzisha Tausi, kundi la wanawake wanaopiga vyombo wenyewe badala ya kuimba tu mbele ya wapigaji wanaume. Ni nadra kupata mfano bora zaidi wa mtu aliyeunganisha kazi hizo mbili ndani ya mkono mmoja. Tatizo ni kwamba mfano wa mtu mmoja hauwezi kuchukua nafasi ya utaratibu.

Utaratibu unaopendekezwa hapa ni mdogo na hauhitaji bajeti ya wizara. Mwanafunzi mmoja katika kila mtaa, mwenye daftari, abaki mpaka ngoma imalizike. Aandike jina la wimbo, mtunzi, mwimbaji, vyombo, na ubeti uliotunzwa zaidi. Maneno ayachukue kwa idhini ya mwenyewe, na jina la anayesemwa asilitie, kwa sababu karatasi ina uzito ambao wimbo hauna na mtu anaweza kuumizwa. Gazeti la ukutani, kama lile lililokuwa likibandikwa matawini na mashuleni, linatosha kwa kuanzia. Likibandikwa penye kijiwe cha kahawa litasomwa, na makosa yake yatasahihishwa kwa sauti kabla ya adhuhuri. Mhariri wa gazeti la mji akipita hapo asubuhi atapata habari ambayo mwandishi wake aliiacha alipopanda gari.

Mgeni rasmi naye anaweza kusaidia. Akae kitini mpaka wimbo wa tatu, na gari lake lisiondoke na waandishi.